Miraba Mipana

Mbinga, bwenini
Jumapili, 25 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Mwalimu wetu wa Kiswahili anataka barua kwa mzazi ianze na salamu ndefu, niulize afya yako, nieleze ya kwangu, nimshukuru Mungu kwa zote mbili. Mimi nimesema shikamoo na inatosha. Nina hasira, na nikianza kukusalimia sana nitaishia kulia bila kusema nilichotaka kusema.

Nakuandikia kwa sababu simu hapa shuleni haziruhusiwi. Hata nyumbani Kingerikiti simu ni ya baba, na simu ya baba huwezi kuongelea bila shangazi Walburga kusimama mgongoni kwako akijidai anachambua maharage. Hii barua nampa konda wa basi la Mbamba Bay, yule mwenye sauti ya kukwaruza. Anasema mjomba Michael anamjua, itafika Lipingo.

Kwa nini uliondoka?

Mwezi wa kumi na mbili nilifika likizo, nikakuta kamba ya nguo haina khanga yako hata moja. Jikoni yuko shangazi. Nikamuuliza baba, akasema, "Mama yako yuko kwao." Basi. Akaendelea kunoa nyengo yake ya kukatia nyasi, kana kwamba umekwenda sokoni. Kaka Joakim tulimzika huko kwenu Julai, Septemba na wewe ukaenda. Yaani wote wawili mko Lipingo. Joakim simlaumu, maskini, yeye ziwa lilimchukua. Wewe nani alikuchukua?

Sasa sikia jambo lenyewe. Juzi shangazi alikuja siku ya wazazi, baba hakuja. Kaniletea karanga na habari mbaya. Anasema baada ya Pasaka sirudi shule. Eti nyumba ya kaka yake haina mwanamke, shamba halina mtu wa kuchimba mashimo ya ngoro na kufunika nyasi kwa udongo, na msichana wa kidato cha tatu ana mikono kama wasichana wengine. Ukoo utakaa sengu kwa babu Urbani. Watakula pamoja, halafu watasema, na wewe unajua, likishasemwa kwenye sengu ndilo hilo.

Mama, mimi naipenda shule. Baiolojia naipenda mpaka wenzangu wananicheka. Nataka kuwa mkunga. Baba hatasema kitu, unamjua. Wa kusema ulikuwa wewe.

Ni mimi mwanao, kama bado unanihesabu,
Benadetha

*

Lipingo
6 Machi 2024

Mwanangu Bena,

Marahaba. Barua yako imenikuta nimeanika dagaa, mkono mmoja nasoma, mkono mmoja nafukuza kunguru. Wewe mtoto una maneno! Sijui umeyarithi kwa nani. Baba yako maneno hana, mimi ni mpole. Labda ni ya huyohuyo shangazi yako, na usimwambie nimesema.

Huku ni joto tu. Mihogo ya bibi yako imekubali, nimeshaanza kuchimba. Mjomba wako Michael anakusalimu sana. Majini haingii tena tangu mwaka jana, sasa ni fundi baiskeli, na baiskeli anazozitengeneza zinarudi kesho yake. Tunamcheka, na yeye anacheka, na hivyo siku inapita.

Umeuliza kwa nini niliondoka. Bena, yapo mambo ya watu wazima. Naomba uniamini kwa kitu kimoja tu: sikukukimbia wewe. Nikikuandikia zaidi ya hapo nitamsema mtu ambaye wewe inabidi umpikie na umwamkie asubuhi, na sitaki umwangalie kwa jicho baya.

Shule usiiache. Shangazi yako akisema, muitikie "sawa shangazi", halafu chukua daftari lako usome. Ana maumivu yule. Joakim alipoachishwa ziwa alilala kwake, mgongoni kwake, miezi na miezi. Usimjibu vibaya.

Nami nina swali langu. Je, baba yako amekata nyasi mwaka huu? Ukifika likizo tazama ule mteremko wa juu ya mibuni. Usimuulize kitu. Tazama, uniandikie ulichokiona.

Nakuhesabu. Nani mwingine nimhesabu?

Mama yako,
Domitila

*

Kingerikiti
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Nimefika Ijumaa. Nimetazama kama ulivyosema, ingawa sikuelewa mtu anayemkimbia mume anataka nini na nyasi zake.

Amekata. Mteremko wote, kuanzia mibuni mpaka kule kwenye jiwe la popo. Zimekauka vizuri na amezipanga miraba. Halafu kaziacha! Zimekaa hivyo hivyo juu ya ardhi, wiki mbili sasa, majirani wote wameshafunika ngoro zao na maharage yameota. Ukisimama barabarani unaona mashamba ya watu mekundu, yana vishimo safi, halafu katikati ni letu, manjano, kama kichwa chenye mapunye. Mvua inanyesha juu yake. Zitaoza.

Na miraba yenyewe, jamani! Mipana! Unajua baba siku zote hupanga ovyo, ukoo mzima unamcheka, lakini mwaka huu amezidi. Kwenye ngoro moja anaweza kulala mtu na blanketi lake. Shangazi anasema kaka yake mkono wake hauna kipimo tangu ujana.

Sasa nikueleze la jana. Shangazi aliniambia, "Chukua jembe ukafunike. Kazi ya mwanamume ni kukata na kupanga, ameshamaliza. Iliyobaki ni yako." Nikaenda. Mama, sikwenda kwa kulazimishwa, nakwambia ukweli. Nilienda kwa sababu nilimwonea huruma baba. Kutwa haongei. Kwenye kilabu anaenda, anakaa, anarudi mzima, hajanywa hata. Nikasema, nikifunika japo mstari mmoja pengine atanitazama.

Nilianzia juu. Nikachimba katikati ya mraba, nikatupia udongo juu ya nyasi, upande huu, upande ule. Kazi ngumu, mikono haifiki, lazima uzunguke. Sijamaliza hata ngoro ya kwanza, baba huyo. Akanishika mkono, akachukua jembe. Hakukasirika. Akasema, "Acha. Si lako hili." Halafu akapiga magoti, akaanza kuufukua ule udongo kwa vidole, anautoa kwenye nyasi, anaurudisha chini.

Nilishuka nalia. Hata kazi yangu haitaki. Nilimwambia shangazi, akasema, "Ana aibu tu huyo. Wewe subiri Jumatatu ya Pasaka, atakwenda kumsaidia babu Urbani kwenye nyumba ya mbuzi. Funika lote. Shamba likishafunikwa lina mwenyewe, na Jumamosi yake kwenye sengu hakuna wa kuuliza tena nyumba hii ina mwanamke gani."

Basi nitafunika. Shule wataninyima, sawa. Angalau mtu mmoja katika familia hii atakuwa amebaki mahali pake.

Benadetha

*

Lipingo
Alhamisi Kuu, 28 Machi 2024

Bena, Bena, USIFUNIKE.

Nimemuomba konda akupe mkononi kabla ya Pasaka, nimemwapia kwa jina la marehemu baba yangu. Ukishasoma mstari huo wa kwanza hata ukichana barua sawa, ila nakuomba usichane.

Nilisema sitakuandikia. Sasa naona kunyamaza kwangu na kunyamaza kwa baba yako kunakumaliza wewe katikati. Basi kaa chini.

Nilipoolewa huko milimani nilikuwa sijui ngoro ni kitu gani. Kwetu mchanga, tunapanda mihogo, tunakula samaki. Bibi yako mzaa baba alinifundisha, Mungu amrehemu, alinifundisha kwa kucheka. Wenzangu wafupi, wanainama, wanachimba kishimo chao kizuri kidogo. Mimi na mikono yangu hii mirefu nilikuwa nachimba nje, naharibu mistari, wanawake wa Kingerikiti wanapita njiani wanashika midomo. Nilimwambia baba yako nataka kurudi kwetu. Hakunijibu. Msimu uliofuata nilikuta amepanga miraba mipana. Kila mraba nikisimama katikati mkono unafika pande zote nne, siinuki, sizunguki. Ukoo wakasema Kiliani hajui kupima. Akawaacha waseme. Tangu hapo anapanga vile vile, na wewe ulizaliwa ukakuta, ukaamini mkono wake mbovu.

Ndiyo maana wewe mikono haikufika, mwanangu. Hakukukataa. Kwa lile shamba alikuwa ananiita mimi.

Umeuliza kwa nini niliondoka. Septemba walikaa sengu. Nilikuwa naingia na sinia la ugali, nikamsikia Walburga anasema mbele ya wote: "Mtoto wetu ameuawa na kwao Domitila. Yeye ndiye aliyempeleka kwenye maji, na ndugu zake wakamfukia mchangani kama samaki." Nilisimama na sinia langu. Nikamtazama baba yako. Bena, kumtuma Joakim kwa mjomba wake tulikaa mimi na baba yako, tukakubaliana sote wawili, jikoni kwangu. Kijana amemaliza kidato cha nne, anasubiri, akajifunze kazi. Upepo wa mwera kule ziwani haukuuliza nani alimtuma. Nilisubiri baba yako aseme tu, "Tulimtuma sote." Alitazama ugali. Nikaweka sinia chini, nikatoka, na kesho yake nikashuka.

Na sikushuka kwa hasira peke yake. Joakim yuko huku. Nani angemfagilia? Baba yako tangu siku ya mazishi hajashuka hata mara moja.

Hizo nyasi nimezisikia. Nimelia juu yake toka barua yako ije. Lakini nyasi zimesemea shambani, na mimi nilisemwa mbele ya watu. Ninataka kusikia mbele ya watu wale wale. Baba yako usimwambie hili. Nikimfundisha maneno yatakuwa yangu, hayatakuwa yake.

Wewe usifunike, na shule urudi. Ukifunika umepokea nafasi yangu, na ukishaipokea hata mimi sitakuwa na pa kurudi. Sikuombi kingine.

Mama yako

*

Kingerikiti
Jumapili, 7 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa zile zote nilizokupa kwa hasira.

Barua ilinikuta Jumamosi Kuu, natoka kuchota maji. Sikufunika. Jumatatu shangazi alinipa jembe, nikasema kichwa kinaniuma. Jumanne kikaendelea kuuma. Jumatano akaniambia kichwa cha msichana hakiumi siku tatu bila sababu, akanitazama tumboni. Hee! Nikamwambia nataka kuwa mkunga, sitaki kuwa mteja. Karibu anipige na mwiko, halafu akacheka, mara ya kwanza tangu Joakim. Halafu akalia. Alikaa kwenye kile kigoda chako akalia kama mtoto, na mimi nikamshika bega, sikujua nifanye nini kingine.

Baba sikumwambia uliyoniandikia. Ila nilivunja kidogo, usinikasirikie. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe la popo, anatazama shamba lake la manjano. Nikamuuliza, "Baba, kwa nini miraba yako mipana?" Akaendelea kutazama shamba, nikageuka. Akasema mgongoni kwangu, "Mama yako ana mikono mirefu."

Jana tukakaa sengu. Mimi ndiye niliyeingiza sinia la ugali. Nilipofika mlangoni nikakukumbuka. Walikula. Halafu shangazi akasimama, akasema yote: nyumba haina mwanamke, mtoto amekua, abaki. Babu Urbani akauliza, "Shamba la mteremko limefunikwa?" Shangazi akasema bado, mtoto alikuwa anaumwa. Babu akaniita nikiwa nimeshika bakuli la maharage. "Bena, kwa nini hukufunika?"

Mama, mchuzi ulimwagika kwenye mkeka. Wasichana hatusemi pale. Nikasema, "Babu, si la kwangu. Lina mwenyewe. Mikono yangu haifiki."

Basi wote wakamgeukia baba. Alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sinia, akajifuta vidole, akajifuta tena. Nilidhani atanyamaza. Naapa nilidhani atanyamaza, na nilikuwa nimeshaanza kumchukia.

Akasema, "Joakim tulimtuma sote wawili. Tulikaa jikoni. Domitila alisema asubiri upepo upite, mimi nikasema kijana aende. Mzigo wake nilifunga mimi."

Hiyo ya upepo hukuniandikia, mama. Ulinificha hata hapo.

Babu akafumba macho. Shangazi akakaa chini taratibu, akavuta khanga mpaka usoni. Baba akaendelea, "Mke wangu alisingiziwa mbele yangu nikala ugali. Huyu mtoto atarudi shule." Halafu akatoka nje, hakunawa hata mikono.

Babu akasema likishasemwa limesemwa. Kesho narudi shule, shangazi mwenyewe kanifulia sketi.

Lakini mama, naandika haraka kwa sababu naogopa. Leo asubuhi baba hayupo. Kitanda kimetandikwa. Hakuenda misa, kilabuni hawajamwona, kwa babu hayupo. Nyengo yake haipo mahali pake. Shangazi amezunguka mibuni yote anaita. Mtu ambaye hajasema mwaka mzima, akasema siku moja vile, anaweza kufanya nini? Kama unajua chochote niandikie shuleni, tafadhali, upesi.

Bena wako

*

Lipingo
11 Aprili 2024

Bena wangu,

Marahaba. Tulia. Yuko hapa. Anakula dagaa wangu na analalamika wana mchanga.

Alifika Jumatatu, jua limekaa vichwani. Nilikuwa namenya mihogo na bibi yako. Tukamwona mtu anashuka na nyengo begani, viatu vimejaa udongo mwekundu wa huko, na ufukweni kwetu nani anatembea na nyengo? Watoto walimfuata. Alimwamkia bibi yako, akamsalimu Michael, wakashikana mikono muda mrefu wale wawili. Mimi aliniambia, "Nionyeshe." Nikajua anataka nini.

Nilimpeleka. Alisimama pale kaburini, hajui aweke wapi mikono. Nilifagia kila wiki lakini mvua hii imeotesha nyasi pande zote, zinafika magotini. Akaanza kukata. Akakata zote, hata zile za makaburi ya jirani. Nilikaa chini ya mti nikamwacha. Alipomaliza kukata nikadhani atazitupa kando. Akazichukua, zingali mbichi, akazipanga pale miguuni kwa Joakim. Bena, alipanga mraba. Mmoja. Mpana.

Watu wa kwetu walikuwa wamesimama wanatazama, hawaelewi huyu mtu wa milimani anafanya nini na majani kwenye mchanga. Michael akataka kumsaidia kuyaondoa, nikamzuia. Nilikwenda kuomba jembe nyumba ya karibu. Nikasimama katikati, nikachimba, nikafunika, pande zote nne. Sikuinuka. Mchanga haushiki, nilijua hautashika, mvua ya jana imeshaubomoa nusu. Baba yako alikaa hapohapo, akalia kwa sauti mpaka bibi yako akatoka kusikiliza.

Umenilaumu kwa lile la upepo. Ndiyo, nilisema tusubiri. Sikukuandikia kwa sababu lilikuwa lake kulisema, na ningekuambia mimi ungemchukia. Aliposema yeye umemhurumia, si ndiyo? Basi.

Kesho tunapanda milimani wote wawili. Maharage yatakuwa yamechelewa, na nyasi za chini zitakuwa zimeanza kuoza, lakini tutapata ya kula. Sijamwambia baba yako kama nimerudi moja kwa moja, na hajathubutu kuuliza. Nimemwambia ninakwenda kufunika shamba langu, na kila mwisho wa mwezi nitashuka huku kwa Joakim, na yeye atanisindikiza. Amesema sawa. Walburga nitamkuta jikoni kwangu. Tutaonana, tutalia, tutagombana kuhusu sufuria. Hayo tuachie sisi.

Nimempa baba yako kalamu akuandikie. Ameshika karatasi toka tumekula.

Mama yako,
Domitila

*Mwanangu. Mimi ni baba yako. Mama yako anasema niandike, na maneno yangu niliyamaliza kule kwa babu. Uliwaambia shamba si la kwako. Ulisema vizuri. Niliporudisha ule udongo wako chini niliona unalia, sikujua nikuite vipi. Siku ya wazazi ikifika nitakuja mimi. Soma.*

*Kiliani*